Dakika moja ya ridhaa: kisa cha Vizio na TV milioni 11

Ujumbe ulitokea kwenye kioo cha TV, ukakaa dakika moja, ukaondoka wenyewe. Ulisema sera ya faragha ya Vizio, kampuni ya Marekani ya kutengeneza TV, imebadilika. Kitu kinachoitwa Smart Interactivity kimeshawashwa kwenye TV yako. Ukipenda unaweza kukizima kwenye mipangilio. Na mwenye kutaka kujua zaidi aende kwenye tovuti ya kampuni. Ni hayo tu. Aliyekuwa jikoni dakika hiyo hakuuona. Mtoto aliyekuwa mbele ya katuni aliuona, akangoja uondoke. Hakuna aliyebonyeza "nakubali", kwani hakuna aliyeulizwa.

Visa vya vyombo vya nyumbani vilivyounganishwa na intaneti viko vingi: roboti za kufagia, kengele za mlango zenye kamera, wanasesere wanaosikiliza watoto. Nimekichukua hiki kwa sababu hakina mdukuzi. Hakuna aliyeiba nywila, hakuna picha ya chumbani iliyovuja. Kila kitu kilikwenda kama kilivyopangwa, na waliopanga ndio waliotengeneza chombo. Tena kilifika mahakamani, kwa hiyo yaliyofanyika yameandikwa.

Kilichowashwa ni nini hasa

Vizio ilianzishwa mwaka 2002 na William Wang, makao yake Irvine, California, na jina lake sokoni lilijengwa na kitu kimoja: TV kubwa kwa bei ndogo. Kwa mujibu wa malalamiko ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, ile FTC, kuanzia Februari 2014 TV mpya za kampuni hiyo zilitoka zikiwa na programu ya kufuatilia kinachotazamwa, nayo ikiwa imeshawashwa. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba TV za nyuma, zilizokwisha kununuliwa na kutundikwa ukutani, zilipelekewa programu hiyo hiyo kwa njia ya intaneti. Ujumbe wa dakika moja ulikuwa wa hizo. Ukijumlisha mpya na za nyuma, ni TV milioni 11.

Hapo kwenye TV za nyuma ndipo mimi hukwama kila nikirudia kusoma. Mtu amelipa, amepewa risiti, mzigo umefika nyumbani, biashara imekwisha. Seremala aliyekuuzia kabati akirudi mwaka unaofuata, akaingia usiku na kupachika kitu ndani ya droo, hatutaita hilo sasisho. Tutapiga kelele za mwizi.

Wengi wakisikia TV inapeleleza hufikiria maikrofoni. Programu hii haikusikiliza mtu, ilitazama kioo chake yenyewe. Sekunde kwa sekunde ilichukua nukta chache za picha, ikazigeuza kuwa alama, tuseme kama alama ya kidole, ikazituma kwenye seva. Huko zililinganishwa na maktaba ya vipindi, filamu na matangazo ambayo alama zake zilishahifadhiwa. Zikipatana, imejulikana: nyumba hii, saa hii, sekunde hii, inatazama kitu hiki. Na kwa kuwa ilisoma kioo na si waya, haikujali picha imetokea wapi. Kebo, antena ya kawaida, kifaa cha kustrimu, DVD, zote sawa. Video ya harusi ya dada yako isingetambulika, kwa sababu haimo kwenye maktaba. Filamu uliyoazima kwa jirani ingetambulika. FTC iliandika kwamba mfumo huo ulikusanya hadi vipande bilioni 100 vya data kwa siku.

Na jina lililoandikwa kwenye mipangilio? Smart Interactivity, na chini yake maelezo kwamba inawezesha mapendekezo na ofa za vipindi. Hakuna neno juu ya kufuatilia. Ungedhani basi angalau mapendekezo yalikuja. Kwa TV nyingi, inasema FTC, kwa zaidi ya miaka 2 hakuna pendekezo wala ofa iliyoonekana. Kitufe kilipewa jina la kazi ambayo kilikuwa hakiifanyi, kikafanya kazi ambayo hakikuitaja.

Nyumba isiyo na jina

Kampuni ilijitetea kwa hoja moja ambayo si ya kubezwa: data ya utazamaji haikuwahi kuunganishwa na jina la mtu wala mawasiliano yake. Ni kweli, na FTC haikudai vinginevyo. Mikataba na wanunuzi wa data ilikataza kuitambua nyumba kwa jina.

Lakini tazama kilichoruhusiwa. Pamoja na utazamaji ilikusanywa anwani ya IP ya nyumba, yaani namba inayotambulisha intaneti ya nyumba hiyo, na IP hiyo ilipelekwa kwa makampuni yanayohifadhi maelezo ya kaya. Wao wakaongezea: jinsia, umri, kipato, ndoa, idadi ya watu nyumbani, kiwango cha elimu, kama nyumba ni ya kwao au ya kupanga, na thamani yake. Ukishajua yote hayo, jina la nini? Muuza matangazo hataki kukuita kwa jina. Anataka kujua kama una pesa, una mtoto, na jana usiku uliangalia nini.

Wanunuzi walikuwa na matumizi matatu. Kwanza kuhesabu watazamaji, kazi ya miaka mingi katika utangazaji, ingawa zamani familia iliyowekewa kifaa cha kuhesabia ilijua na ilikubali. Pili kupima kama tangazo limefanya kazi: mama ameona tangazo la dawa ya kisukari saa 2 usiku, je, saa 3 kuna simu au kompyuta kwenye WiFi ile ile iliyofungua tovuti ya dawa hiyo? Tatu, kuwalenga watu wa nyumba hiyo kwa matangazo kwenye vifaa vyao vingine. Anwani ya IP ndiyo uzi unaoshona TV, simu na kompyuta pamoja. Ndiyo maana kusema "nitaacha kutumia TV kuvinjari" hakusaidii kitu.

Mwaka 2015 Vizio ilipowasilisha nyaraka za kuuza hisa, iliwaeleza wawekezaji waziwazi kwamba ina uwezo wa kutoa data ya utazamaji yenye undani mkubwa, kwa wingi mkubwa. Wenye fedha waliandikiwa kwa urefu. Wenye TV walipewa dakika moja.

Machi 2016 ukaja ujumbe mwingine kwenye vioo. Wakati huo uchunguzi ulikuwa umeshaanza. Huu ndio wa kwanza kutaja kwamba data ya utazamaji inakusanywa, nao, kama vile mwandishi wake alikuwa na haraka kuliko yule wa kwanza, ulikaa sekunde 30.

Shauri, na ubishi ndani yake

Tarehe 6 Februari 2017 FTC na Mwanasheria Mkuu wa New Jersey walitangaza kwamba wamefungua shauri katika mahakama ya shirikisho na papo hapo wamefikia suluhu. Dola milioni 2.2 zingelipwa: milioni 1.5 kwa FTC na zilizobaki kwa New Jersey, ambayo ilipewa milioni 1 lakini 300,000 kati yake zikasimamishwa. Data iliyokusanywa kabla ya Machi 1, 2016 ifutwe. Kuanzia hapo kampuni iombe ridhaa ya wazi, kwa maelezo yanayosimama peke yake, yasiyofichwa ndani ya sera ndefu ya faragha. Na iwe na mpango wa faragha utakaokaguliwa kila baada ya miaka 2.

Tugawanye: dola milioni 2.2 kwa TV milioni 11 ni senti 20 kwa kila TV. Hazinunui betri za rimoti. Mimi adhabu naiona kwenye ule mstari wa kufuta data, maana hapo kampuni ilinyang'anywa mali iliyoikusanya. Faini ni gharama ya uendeshaji tu. Inaingizwa kwenye hesabu za mwaka na maisha yanaendelea.

Makamishna wote walipiga kura ya kukubali, lakini Maureen Ohlhausen, aliyekuwa anakaimu uenyekiti, aliandika maelezo yake pembeni, na ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi katika faili lote. Dai la udanganyifu hakuwa na tatizo nalo: umewaambia watu ni mapendekezo kumbe ni ufuatiliaji, huo ni uongo kwa kunyamaza. Kilichomsumbua ni dai la kwanza, kwamba kukusanya na kutoa data ya utazamaji bila ridhaa ni kitendo kisicho cha haki chenyewe. Sheria ya FTC inataka dai kama hilo lionyeshe madhara makubwa kwa mlaji, na hii ilikuwa mara ya kwanza Tume kusema kwamba utazamaji wa TV wa mtu mmoja mmoja ni taarifa nyeti. Akauliza: madhara yako wapi? Nani ameumia?

Swali zuri, hata kama jibu analoliegemea silo langu. Aliyeibiwa kadi ya benki ana salio la kuonyesha. Aliyetazamwa akitazama TV ana nini cha kuonyesha? Hajapungukiwa shilingi. Lakini fikiria yanayopita kwenye kioo cha nyumba moja kwa mwaka: mahubiri ya dini gani, siasa za upande gani, vipindi vya ugonjwa gani, na saa 8 za usiku nani bado yuko macho na anaangalia nini. Ukiyapanga kwa tarehe umepata habari za familia ambazo hata mjumbe wa mtaa hazijui.

Tena Marekani yenyewe ilishalijibu swali hili zamani. Mwaka 1984 Bunge lao lilitunga sheria inayozuia makampuni ya kebo kukusanya taarifa binafsi za wateja kupitia mfumo wa kebo bila ridhaa. Mwaka 1987, Jaji Robert Bork alipoteuliwa na Rais Reagan kuingia mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, gazeti la Washington City Paper lilichapisha orodha ya kanda za video alizokodi kwenye duka la mtaani kwake. Hazikuwa na aibu yoyote, filamu za kawaida. Wabunge waliingiwa na baridi hata hivyo, pengine kila mmoja akifikiria orodha yake, na mwaka uliofuata wakapitisha sheria ya kulinda kumbukumbu za video. Hawakusubiri mtu aonyeshe hasara.

Hivyo mwenye waya wa kebo alifungwa mikono na mwenye duka la kanda vilevile. Aliyetengeneza kioo ambapo waya na kanda zote hukomea hakutajwa popote, kwa sababu mwaka 1984 kioo hakikuwa na uwezo wa kumwambia mtu chochote. Wateja wa Vizio waliofungua kesi ya pamoja huko California waliegemea sheria hiyo ya 1988, na Machi 2017 Jaji Josephine Staton alikataa ombi la kampuni la kutaka dai hilo litupwe. Mwaka uliofuata wakamalizana kwa dola milioni 17, kwa TV kama milioni 16.

Kwenye suluhu hiyo kuna jambo dogo ambalo ningeliweka mbele kama ningekuwa mwalimu wa sheria. Ilibidi wenye TV waarifiwe kwamba kuna kesi na wana haki ya kudai. Utawapataje watu wasio na majina? Pande mbili zikakubaliana taarifa itolewe kwenye TV zenyewe. Mlango ule ule uliopitisha programu ukapitisha ilani ya kesi. Kumbe kioo kilikuwa na uwezo wa kumfikia mwenye nyumba na kumweleza jambo likaeleweka, pindi mahakama ilipotaka.

Biashara iliyobaki

Usidhani kampuni iliacha. Iliomba ridhaa kama ilivyoamriwa, na ikaendelea. Januari 2019, Bill Baxter, mkuu wa teknolojia wa Vizio, alieleza katika mahojiano na The Verge kwamba faida kwenye kuuza TV ni nyembamba mno, na kwamba fedha hupatikana baada ya mteja kuinunua: data, matangazo, kuuza filamu. TV isiyo na mambo hayo, kwa maelezo yake, ingelazimika kuuzwa bei ya juu zaidi. Namsifu kwa kusema ukweli. Mwaka 2021 kampuni iliingia kwenye soko la hisa la New York, na kabla mwaka haujaisha faida ghafi ya upande wa matangazo na data ilikuwa zaidi ya mara 2 ya ile ya kuuza vyombo. Desemba 2024 Walmart ilikamilisha kuinunua kwa dola bilioni 2.3. Mwenye maduka makubwa kuliko wote Marekani sasa anamiliki pia kioo kinachojua umeona tangazo gani kabla ya kwenda dukani.

Ndiyo sababu siafiki wanaokitaja kisa hiki kama ushindi wa mlaji. Shauri lilibadilisha namna ya kuuliza. Biashara yenyewe haikuguswa, ila sasa ina saini ya mteja chini yake. Ulizo lililobaki ni saini ya nani.

Kwetu Kisauni

Mwaka 2024 watafiti wa vyuo vikuu vya London, Davis na Madrid walipima TV za Samsung na LG kwa kunasa mawasiliano yanayotoka kwenye TV kwenda nje. Walikuta utambuzi wa picha za kioo, kama ule wa Vizio, ukiendelea hata TV inapotumiwa kama kioo tu cha kompyuta kupitia waya wa HDMI. Walikuta pia jambo la kutia moyo: ukiuzima kwenye mipangilio, mawasiliano yake yanakatika kweli. Desemba 2025 Mwanasheria Mkuu wa Texas aliwashtaki Samsung, LG, Sony, Hisense na TCL kwa madai ya aina hii hii. Hayo yalikuwa madai, si hukumu. Lakini pita maduka ya TV ya Mombasa au Kariakoo usome majina kwenye maboksi.

Kenya hatuko bila silaha. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda habari za familia na mambo ya faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema, kifungu cha 32, kwamba mzigo wa kuthibitisha ridhaa uko kwa anayekusanya data, na kifungu cha 33 kinataka ridhaa ya mzazi kwa data ya mtoto. Tanzania nayo ina sheria yake ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ukiupima ujumbe wa dakika moja kwa kifungu cha 32, hauponi.

Basi Ijumaa moja nilikuwa kwa shangazi yangu Kisauni, Mombasa, na yeye ana TV mpya ya inchi 43, ya kampuni ambayo sitaitaja. Nikaomba rimoti. Nilipita kwenye mipangilio, nikaingia "jumla", nikashuka chini kabisa hadi kwenye masharti na faragha. Palikuwa na visanduku vinne, vyote vina tiki. Kimoja kilikuwa cha masharti ya kawaida, usipokikubali huduma za intaneti hazifunguki. Vitatu vilikuwa vya hiari: taarifa za utazamaji, taarifa za sauti, matangazo yanayolingana na unachopenda. Nikaviondolea tiki kimoja kimoja.

"Mwanangu, usinipotezee tamthilia yangu," shangazi akaniambia.

Tamthilia haikupotea. Nikamuuliza nani aliyekubali haya yote. Akanitazama kama niliyemuuliza nani alijenga Fort Jesus.

"Mimi nimekubali nini? Aliiwasha yule kijana wa dishi."

Nikampigia kijana. Alitundika TV, akafunga dishi, akaingiza nywila ya WiFi, na kioo kilipouliza akakijibu. Nikamweleza kuna vitatu visivyo vya lazima, unaweza kuvipita.

"Havipitiki, kaka. Kile kitufe kikubwa ni cha kukubali vyote."

"Ukishuka chini kuna kingine kidogo."

Akanyamaza kidogo, nikasikia nyundo nyuma yake. "Mimi nafunga TV nne, siku nyingine tano," akasema. "Zote nabonyeza kile kikubwa."